Kimea cha Ulezi: Kuotesha Nafaka Nyumbani kwa Ajili ya Uji wa Mtoto

Somo kwa wahudumu wa afya, wazazi na walezi

Kimea si kitu kigeni katika nyumba nyingi za Tanzania. Ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa huchanganywa na ndizi kutengeneza mbege mkoani Kilimanjaro, na kimea ndicho hulainisha togwa inayonywewa na wakubwa kwa watoto. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba unga huohuo, kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chai, unaweza kumsaidia mtoto aliyeanza chakula cha nyongeza kupata nguvu maradufu kutoka katika kikombe kilekile cha uji. Unaweza pia, ukitumiwa vibaya, kumwachia kikombe kilichojaa maji.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji ataweza:

1. kueleza kwa nini uji mwepesi humshibisha mtoto bila kumlisha;
2. kuotesha ulezi nyumbani kwa usafi na kuuandaa kuwa kimea;
3. kupika uji wenye kimea kwa mpangilio ulio salama;
4. kutambua makosa yanayokiondolea kimea faida yake, na watu wasiopaswa kukitegemea.

Tumbo dogo na kikombe cha uji

Kila mhudumu wa kliniki ya mtoto amewahi kukutana na hali hii. Mstari wa uzito kwenye kadi umelala kwa miezi miwili au mitatu. Mama anaulizwa mtoto anakula nini, naye anajibu kwa ukweli kwamba anakunywa uji kikombe kizima, asubuhi, mchana na jioni. Hakuna anayedanganya. Tatizo limo ndani ya kikombe.

Tumbo la mtoto mchanga hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8, basi, hushiba kwa mililita 240 hivi, yaani kikombe kimoja cha kawaida. Mtoto anayenyonya kwa kiwango cha wastani huhitaji kutoka katika chakula cha nyongeza takriban kilokalori 200 kwa siku akiwa na umri wa miezi 6 hadi 8, kilokalori 300 akiwa na miezi 9 hadi 11, na kilokalori 550 kuanzia miezi 12 hadi 23. Mahitaji huongezeka upesi; tumbo haliongezeki kwa kasi hiyo.

Uji mwepesi uliozoeleka hutengenezwa kwa takriban gramu 20 za unga, sawa na vijiko 2 na nusu vya chakula vilivyosawazishwa, katika mililita 250 za maji. Gramu moja ya unga wa nafaka ina kilokalori 3.5 hivi, kwa hiyo kikombe hicho kina kilokalori 70. Vikombe vitatu kwa siku ni kilokalori 210. Kiasi hicho kinamtosha mtoto wa miezi 7, lakini mtoto wa miezi 14 angelazimika kunywa karibu vikombe 8 ili afikie mahitaji yake. Hawezi.

Dawa ya tatizo hili ingeonekana kuwa rahisi: kuongeza unga. Lakini gramu 50 za unga katika mililita 250 za maji hutoa kitu kinachokaribia ugali. Wanga ni chembechembe ndogo ambazo, zikipashwa moto ndani ya maji, huyanyonya, huvimba na kushikamana. Ndiyo maana uji huanza kuwa mzito ghafla kabla haujachemka vizuri. Mtoto asiye na magego humeza uzito huo kwa shida, hukaza mdomo na kusukuma kijiko. Mlezi hufanya jambo ambalo kila mlezi angefanya: huongeza maji. Hapo ndipo chakula hupungua bila mtu kukusudia.

Yanayotokea ndani ya mbegu

Punje ya nafaka ni mmea uliolala pamoja na akiba yake ya chakula. Akiba hiyo ni wanga, na mmea mchanga hauwezi kuutumia ukiwa katika hali yake ya minyororo mirefu. Punje inaponyonya maji, kiini chake huamka na kutoa homoni inayolichochea tabaka linaloizunguka akiba. Tabaka hilo hutengeneza vimeng'enya, kikiwamo kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kuikata minyororo ya wanga iwe vipande vifupi na sukari.

Anayeotesha ulezi kwa ajili ya uji anaazima kimeng'enya hicho. Huiacha mbegu ikitengeneze, kisha huikausha kabla mche haujala akiba yote. Unga wa kimea ukitiwa katika uji mzito ulio moto, amilesi huanza kukata wanga uliovimba. Maji yaliyoshikwa huachiliwa, na uji ulioganda huanza kutiririka ndani ya dakika chache. Nguvu iliyomo katika unga haipotei. Kinachobadilika ni umbo lake tu: kitu kilicholiwa kwa kijiko sasa hunywewa kwa kikombe.

Kuotesha kuna faida ya pili. Nafaka huwa na fitati, kemikali inayoshika madini ya chuma na zinki na kuyazuia yasifyonzwe na mwili. Mbegu inapoota, huanza kuivunja fitati hiyo ili itumie fosforasi iliyomo. Uvunjaji huo si kamili, lakini ni hatua yenye manufaa. Ulezi wenyewe una utajiri wa kalisi: takriban miligramu 340 katika gramu 100, kiwango kinachozidi sana kile cha mahindi au mchele.

Kuchagua nafaka

Ulezi ndiyo nafaka inayopendekezwa zaidi kwa kimea cha nyumbani. Huota kwa urahisi, hutoa amilesi kwa wingi kuliko mahindi, na vijimizizi vyake ni vidogo, vyepesi kuondoa.

Mtama nao hutoa kimea chenye nguvu, lakini una hatari yake. Mche mchanga wa mtama hutengeneza kemikali inayoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Sumu hiyo hukaa hasa katika vichipukizi na vijimizizi, si katika punje. Kuviondoa kabla ya kusaga huipunguza kwa zaidi ya asilimia 90. Kwa kuwa ni vigumu nyumbani kuhakikisha kwamba vyote vimeondoka, ni busara kuutumia ulezi katika chakula cha mtoto mdogo na kuuacha mtama kwa matumizi mengine.

Nafaka ya kuotesha isiwe mbegu ya kupanda iliyonunuliwa katika duka la pembejeo. Mbegu hizo mara nyingi hupakwa dawa za kuua wadudu na kuvu, na hutiwa rangi nyekundu, waridi, kijani au buluu ili zitambulike. Kuziosha hakuziondolei sumu. Vilevile isitumike nafaka iliyohifadhiwa kwa dawa ya ghalani, wala ile yenye harufu ya uvundo, madoa ya ukungu au punje zilizosinyaa.

Kabla ya kuotesha nusu kilo nzima, inafaa kuijaribu nafaka kwanza. Punje 100 huhesabiwa, hulowekwa usiku mmoja, kisha hufungwa katika kitambaa safi chenye unyevu na kuwekwa mahali penye joto. Baada ya siku 3 zilizoota huhesabiwa. Zikifika 90 au zaidi, nafaka hiyo ni nzima. Zikiwa chini sana ya hapo, ni afadhali kutafuta nyingine, kwa sababu punje isiyoota haitoi kimeng'enya; hubaki katika unyevu ikioza na kuambukiza zilizo jirani.

Hatua za kuotesha

Mtoto mmoja anayekunywa uji mara 3 kwa siku hutumia vijiko 3 vya chai vya kimea, yaani gramu 8 hivi. Nusu kilo ya ulezi, basi, hutosha mwezi mzima na ziada, na hakuna sababu ya kuotesha zaidi kwa mkupuo mmoja.

1. Kupeta na kuchambua. Ulezi hupepetwa kwenye ungo ili kuondoa makapi na vumbi. Mchanga na vijiwe huondolewa kwa kuuchota ulezi polepole ndani ya maji na kuyaacha mawe chini ya beseni.

2. Kuosha. Mikono huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Ulezi huoshwa kwa maji safi mara 3 au 4, hadi maji yatoke maangavu. Punje zinazoelea hutupwa.

3. Kuloweka. Ulezi hulowekwa katika lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa saa 12 hadi 24. Maji hubadilishwa angalau mara moja. Yakiachwa bila kubadilishwa huanza kuchacha, na punje hukosa hewa.

4. Kuotesha. Maji humwagwa yote. Ulezi hutandazwa juu ya kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kuchemshwa, katika tabaka lisilozidi sentimita 2 au 3, kisha hufunikwa kwa kitambaa kingine chenye unyevu. Mahali panapofaa ni penye kivuli na joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, kama ilivyo ndani ya nyumba nyingi za ukanda wa chini. Nyanda za juu, wakati wa baridi, karibu na jiko hufaa, ila si juu ya moto.

5. Kunyunyizia. Asubuhi na jioni ulezi hugeuzwa kwa mikono safi na kunyunyiziwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Uwe na unyevu, usielee. Kugeuza hupunguza joto linalojikusanya katikati na kuzuia vijimizizi kusokotana.

6. Kusimamisha. Baada ya saa 48 hadi 72 vijimizizi hufikia nusu sentimita hadi sentimita moja. Huo ndio wakati wa kusimamisha. Kusubiri hadi majani ya kijani yatokeze ni kuuacha mche ule chakula cha mtoto.

7. Kuanika. Ulezi hutandazwa mwembamba kwenye mkeka safi ulioinuliwa kutoka ardhini, mbali na kuku na vumbi la njia. Huingizwa ndani usiku. Siku 1 hadi 3 za jua kali hutosha; punje iliyokauka huvunjika kwa mlio inapobanwa. Ikibonyea, bado ina maji. Kimea kisikaushwe kwa kukaangwa, kwani joto kali huharibu kimeng'enya na kubakisha unga wenye harufu nzuri lakini usio na kazi.

8. Kupukusa na kupepeta. Punje kavu husuguliwa kati ya viganja au kwa kitambaa hadi vijimizizi vikatike, kisha hupepetwa.

9. Kusaga na kuhifadhi. Kimea husagwa kwa kinu au mashine iliyosafishwa, huchekechwa, na kuwekwa katika chombo kikavu chenye mfuniko unaobana. Kitumike ndani ya wiki 4. Kijiko kinachochotea kiwe kikavu daima.

Ikiwa katika hatua yoyote kumeonekana utando wa rangi nyeupe, kijani au nyeusi unaofanana na pamba, au harufu ya kuoza badala ya harufu ya majani mabichi, ulezi wote hutupwa. Haufai kuoshwa na kuendelea nao, wala kupewa mifugo.

Kupika uji

Vipimo hivi ni vya mlo mmoja wa mtoto: mililita 250 za maji, vijiko 6 vya chakula vilivyosawazishwa vya unga wa uji (gramu 50 hivi), na kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa cha unga wa kimea. Mtoto wa miezi 6 hadi 8, ambaye hula kidogo kwa mlo, hupewa nusu ya uji huo.

Unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi kidogo, kisha humiminwa katika maji yanayochemka. Huchemshwa huku ukikorogwa kwa mwiko hadi uive kabisa. Utakuwa mzito, na hilo lisimtishe mpishi. Sufuria huepuliwa na kuachwa kwa dakika 5 hivi, hadi mapovu yakome lakini mvuke uendelee kutoka. Joto la nyuzi 60 hadi 70 ndilo linalopendwa na amilesi. Uji unaochemka hukiua kimeng'enya mara kinapotiwa, na uji uliopoa hukifanya kazi yake kuwa ya polepole.

Kimea hunyunyizwa juu ya uji na kukorogwa vizuri. Ndani ya dakika 5 hadi 10 uji hulainika. Kisha sufuria hurudishwa motoni na uji huchemshwa tena kwa dakika 5. Hatua hii ya mwisho hairukwi kamwe, kwa sababu inayoelezwa katika sehemu ya usalama.

Mwishoni huongezwa kijiko cha karanga zilizosagwa, au kijiko cha chai cha mafuta, ambacho peke yake huleta kilokalori 45. Maziwa, yai lililopondwa vizuri na kuiva, dagaa waliosagwa au mboga za majani hukamilisha mlo kwa siku mbalimbali. Asali haitumiki kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Uji hupewa kwa kikombe na kijiko, si kwa chupa, na uliobaki kwa zaidi ya saa 2 bila kuhifadhiwa kwenye jokofu humwagwa.

Kosa linalobatilisha kila kitu

Kimea hakiongezi chakula. Kinafungua nafasi ya kuongeza chakula. Tofauti kati ya sentensi hizi mbili ndiyo kiini cha somo zima.

Mlezi aliyesikia tu kwamba kimea "kina nguvu" anaweza kupika uji wake wa siku zote, wenye gramu 20 za unga, na kuutia kimea. Uji utakuwa mwepesi kama maji. Mtoto ataunywa upesi, mlezi atafurahi, lakini kikombe kitabaki na kilokalori zilezile 70 na kidogo zaidi. Kwa macho, uji huo haupambanuki na ule uliopikwa kwa gramu 50 na kulainishwa, wote hutiririka. Kwa tumbo la mtoto, wa pili una kilokalori 175 hata kabla ya karanga, na vikombe 3 vyake hutoa 525, karibu mahitaji yote ya siku ya mtoto wa miezi 14 anayenyonya.

Kwa hiyo mhudumu anayefundisha kimea lazima afundishe kipimo cha unga kwanza na kimea baadaye. Kanuni ya kukumbuka jikoni ni hii: kabla ya kutia kimea, mwiko usimame. Uji usioweza kuusimamisha mwiko haujawa tayari kupokea kimea.

Usalama: joto na unyevu havichagui

Mazingira yanayoamsha mbegu huamsha pia bakteria. Punje zilizolowekwa, zikafunikwa kwa siku mbili katika joto, ni shamba zuri la vijidudu vilivyokuwa juu ya maganda. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, mlipuko wa bakteria aina ya E. coli uliwaugua watu zaidi ya 3,800 na kuua zaidi ya 50. Chanzo kilikuwa machipukizi yaliyoliwa mabichi, na uchunguzi ukaelekea kwenye mbegu za uwatu zilizooteshwa. Nchi yenye maji safi na maabara za kisasa haikukingwa na jambo hilo. Kilichokosekana ni moto.

Kukausha kimea hupunguza vijidudu lakini hakuvimalizi. Kimea kikitiwa katika uji ulioepuliwa na kupewa mtoto papo hapo, vijidudu hivyo huingia tumboni vikiwa hai, na kuhara kwa siku tatu hupoteza faida ya wiki kadhaa za uji bora. Kuchemsha tena kwa dakika 5 kunamaliza hatari hiyo. Wakati huo amilesi nayo huharibika, lakini kazi yake imekwisha fanyika, na uji haurudi kuwa mzito.

Moto, hata hivyo, hauna uwezo juu ya sumukuvu, ambayo hutengenezwa na kuvu katika mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haionekani kila mara kwa macho na haivunjwi na kuchemsha kwa kawaida. Kinga yake ni kukausha haraka, kuhifadhi pakavu na kutupa bila huruma kilichoota ukungu, iwe ni ulezi, unga wa mahindi au karanga za kuongezea.

Utafiti unasema nini

Kimea cha uji si ushauri wa jana. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kiasi kidogo cha unga wa nafaka iliyooteshwa hulainisha uji mzito na kuuwezesha kubeba unga mwingi zaidi ukiwa bado wa kunyweka. Mwezi Oktoba 1987 wataalamu wa lishe wa Afrika Mashariki na Kusini walikutana Nairobi kujadili ulishaji wa watoto wadogo, na uoteshaji na uchachushaji wa nafaka majumbani vikawa miongoni mwa mada kuu.

Lakini kuongezeka kwa chakula katika kikombe na kuongezeka kwa urefu wa mtoto ni mambo mawili. Utafiti uliofanyika wilayani Kilosa na kuchapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha watoto wa miezi 6 hadi 12. Kundi moja lilipewa chakula cha ulezi uliooteshwa, maharage, karanga na embe. Jingine lilipewa mchanganyiko uleule usioandaliwa kwa njia hiyo. Mwishoni hakukuonekana tofauti kati ya makundi hayo katika ukuaji wala katika kiwango cha hemoglobini.

Matokeo hayo hayakiondoi kimea jikoni. Yanakiweka mahali pake. Kuotesha peke yake hakutibu upungufu wa damu, hakuzuii malaria wala minyoo, na hakuchukui nafasi ya nyama, samaki, mayai na matunda. Mhudumu asikiuze kimea kama dawa. Akieleze kama mbinu ya kulainisha uji mzito.

Wasiopaswa kukitegemea

Mtoto chini ya miezi 6 hahitaji uji wa aina yoyote. Maziwa ya mama yanatosha. Mtoto ambaye mzingo wa mkono wake ni chini ya milimita 115, au mwenye uvimbe katika miguu yote miwili, ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu kituoni siku hiyohiyo, si mabadiliko ya uji. Mtoto anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu au aliyelegea apelekwe kituoni bila kusubiri.

Uji wenye kimea huwafaa pia watu wazima wanaopata nafuu baada ya kuugua, wenye vidonda mdomoni au wanaochoka upesi wanapokula. Angalizo ni kwa wenye kisukari: wanga uliokatwa tayari huingia katika damu haraka, hivyo wasiutumie bila ushauri wa mtaalamu wa afya.

Mazungumzo kliniki

Katika kaya nyingi anayepika uji ni bibi, na bibi huyo pengine ameotesha ulezi kabla mhudumu hajazaliwa. Wengine husita kwa sababu wanakifahamu kimea kama malighafi ya pombe. Mhudumu huanza kwa heshima na kwa ujuzi uliopo:

"Shikamoo, bibi. Wewe ndiwe mjuzi wa kimea hapa. Ulezi ukiota vizuri unautambuaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nautambua kwa harufu na kwa mizizi. Lakini hicho si cha pombe? Mtoto atalewa."

"Pombe huhitaji hamira au chachu, na siku za kukaa. Sisi tunakitia dakika 10 tu, kisha tunachemsha. Hakuna kulewa. Ila uji wenyewe, bibi, tuupike kwanza mwiko usimame."

"Mwiko usimame, kisha kimea?"

"Kisha kimea, kisha motoni tena."

Mazungumzo mafupi kama haya, yakifuatiwa na onyesho la kupika mbele ya wazazi, hufundisha zaidi ya bango. Katika onyesho ni vema kupika sufuria mbili sambamba, moja ya gramu 20 na nyingine ya gramu 50, kuilainisha ya pili kwa kimea, kisha kuwauliza wazazi ipi ina chakula zaidi. Kwa kuwa zote hutiririka, jibu halitoki kwa macho. Litatoka kwa kuhesabu vijiko.

Maswali ya kujipima

1. Mama amepika uji kwa vijiko 2 na nusu vya unga, akautia kimea, na mtoto ameumaliza wote. Je, mtoto amepata nguvu zaidi kuliko jana?

2. Kwa nini kimea hakikaushwi kwa kukaangwa, ilhali uji wenye kimea huchemshwa tena mwishoni?

3. Baba ameleta kilo moja ya mbegu za mtama zenye rangi ya waridi zilizobaki shambani. Zitatumikaje?

4. Punje 100 zimejaribiwa na 55 zimeota. Nini kifanyike?

Majibu

1. Karibu hakuna tofauti. Kimea kimelainisha uji ambao tayari ulikuwa mwepesi, unga haukuongezwa.

2. Kukaanga huharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Kuchemsha mwishoni huua vijidudu baada ya kimeng'enya kumaliza kazi yake.

3. Hazitumiki kwa chakula kabisa. Rangi ni ishara ya dawa, na hata bila dawa mtama si chaguo la kwanza kwa kimea cha mtoto mdogo.

4. Itafutwe nafaka nyingine. Punje 45 zisizoota zitakaa katika unyevu, zitaoza na kuharibu zilizosalia.